Madoa Kwenye Karatasi ya Wimbo

Kila alasiri binti yangu, ambaye mtaani wanamwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, huvua viatu mlangoni na kuitoa filimbi ya baba yake kabatini. Huipuliza karibu na cherehani yangu mpaka nakosea mshono.

Baba yake ni fundi wa mitambo. Alikuwa na miezi tisa kazini, mbali na nyumbani. "Nitunzie mpaka nirudi," alimwambia alipomwachia filimbi. Mara nyingine nilimkuta mtoto ameishika mdomoni bila kupuliza, macho yako dirishani.

Siku moja simu ikalia. Baba kapewa ruhusa ya siku moja tu, Jumamosi ya tamasha la shule. Chiriku aliruka mpaka vifungo vyangu vikamwagika. "Mama, mwalimu anatafuta mtu wa kupiga peke yake! Baba atanisikia mimi!"

Mwalimu wa muziki aligawa karatasi za wimbo, akaeleza ubaoni maana ya mahadhi, mdundo, mwendo na pumziko, na alama zake. "Mmeelewa?" akauliza. "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ya Chiriku ilikuwa ya kwanza. Kumbe mawazo yake yalikuwa kituoni, yanampokea baba.

Jioni nilimwona akipaka wino mweupe wa kufutia juu ya karatasi ile.

"Unafuta nini?"

"Madoa, mama. Mashine ya kopi inatema masizi."

"Mbona yote yamening'inia kwenye mstari mmoja, kama yamepangwa?"

"Kwani mama ulisoma muziki lini?"

Nikainamia cherehani yangu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaona aibu kubishana na mtoto. Hapo nilikosea.

Alhamisi wakafanya mazoezi. Katikati ya wimbo wapiga ngoma wote walinyamaza; Chiriku akaendelea kupuliza. Ngoma ziliporudi, yeye alikuwa ameshafika mbali.

"Chiriku, unafukuzwa na mbwa?" mmoja akamtania. Darasa zima likacheka.

Walirudia mara tatu, ikawa vilevile. Mwalimu akasema, "Kesho kama ni hivi, nitachagua mwingine."

Jioni hiyo aliirudisha filimbi kabatini bila kuipuliza. Mtoto alikaa chini, kichwa kwenye goti langu. "Baba atakuja kumsikia mtoto wa watu," akasema, akaanza kulia.

"Mwalimu alieleza nini kuhusu yale madoa?"

"Sijui, mama. Mimi nilisema ndiyo tu."

Asubuhi, kabla ya kengele, tulikuwa mlangoni kwa mwalimu. Chiriku alimpa karatasi, akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema nimeelewa, mwalimu. Sikuelewa."

Mwalimu alikwangua wino kwa ukucha, kikatokea kitofali cheusi. "Hiki ni pumziko. Hapa unanyamaza, unahesabu mapigo manne, ndipo unaendelea."

"Kumbe hata kunyamaza kunaandikwa!"

"Kunaandikwa, na kunahesabiwa."

Nami nikajikaza. "Samahani, mwalimu. Mwendo na mdundo si kitu kimoja?"

"Mama, cherehani ukiikanyaga haraka au polepole, huo ni mwendo. Ule mlio wake, tak, taka-tak, unaojirudia kwa mpangilio, ndio mdundo. Mahadhi ni sauti zinavyopanda na kushuka, kama anavyopiga huyu."

Mchana alimjaribu mara mbili, akamchagua.

Jumamosi baba yake aliketi safu ya tatu, bado na viatu vya kazini. Chiriku akapiga, akafika kwenye pumziko, akanyamaza. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi. "Bado, babu!" watoto wakamzuia. Nikatazama goti la mume wangu: kidole kilikuwa kikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Filimbi ikarudi palepale, pamoja na ngoma.

Baadaye baba yake aliigeuza ile karatasi yenye wino mweupe, tukamsimulia. "Kwa nini hukuuliza mapema, mwanangu?"

"Niliogopa kuchekwa, baba."

"Kicheko chao kingeisha palepale darasani. Lakini mimi nisingekusikia ukipiga, na sijui nitapewa ruhusa nyingine lini. Usiseme ndiyo kwa jambo usilolijua."

Nanyi mnaosoma, lishikeni hilo. Hata sisi wazazi tulifunzwa pamoja naye.

Jioni baba yake aliondoka. Chiriku alitaka kumpa filimbi yake, lakini baba akairudisha taratibu mikononi mwa mtoto. "Nitunzie," akasema, "mpaka nirudi."