Aliyevaa Ovaroli ya Mume Wangu

Nilikanyaga breki... ikazama mpaka chini!

Ikazama kabisa, kama nimekanyaga godoro.

Nikavuta breki ya mkono. Ikaja yote, laini, haishiki kitu!

Uani kwetu Kilakala ni mteremko. Geti lipo chini, na gari lilikuwa linaelekea hukohuko. Mbele ya geti alisimama yule mwanamke, mgongo kwenye bati, mikono ameinua.

Alikuwa amevaa ovaroli ya mume wangu.

Marehemu mume wangu.

"Shemeji, kanyaga tena! Kanyagaaa!"

Ndugu zangu mnaosoma, nitawaambia kitu ambacho hata kwa padri sijakisema. Nilimwangalia machoni kupitia kioo... na kwa nukta moja tu, sikutaka lile gari lisimame.

Mtanihukumu mkimaliza kusoma. Kwanza mjue nilifikaje kwenye ule usukani.

Naitwa Judith. Nauza vitenge sokoni, na nyumbani nina cherehani. Mume wangu aliitwa Leonard, mtu wa Mgeta. Ujana wake wote aliendesha lori la mboga, kabichi na karoti, kutoka kule juu mpaka Dar. Mtu aliyeshuka ile milima na tani za kabichi mgongoni hana mchezo na breki.

"Breki zangu hashiki mtu nisiyemjua," alikuwa akisema.

Alipoacha lori tukanunua gari dogo jeupe. Pedi za breki zikiisha anabadilisha mwenyewe, hapohapo uani, Jumamosi nikiwa sokoni. Nikirudi nakuta magurudumu yamefungwa, ovaroli iko kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni, na yeye ameketi kwenye kigoda anatabasamu.

Nilijivuna naye, jamani! Majirani waume zao wanapeleka gari gereji kwa taa moja tu ya nyuma. Wangu fundi wa nyumbani!

Lakini kulikuwa na kitu...

Jumamosi hizo, kwenye kichanja cha vyombo, nilikuwa nakuta vikombe viwili vimeoshwa.

Viwili. Na Leonard alikuwa ameacha chai. Alisema inamchoma tumbo.

"Nani alikuja?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

Anajikuna shingo. Alikuwa anajikuna shingo kila akitafuta jibu. "Si hawa hawa, mama. Mbona maswali kama trafiki?"

Tunacheka. Yanaisha. Ila moyoni mwangu hayakuisha.

Na kulikuwa na mfuko wa kulia. Suruali zake zote mfuko wa kulia ulikuwa unatoboka, wa kushoto mzima. Mimi ndiye mshonaji, mimi ndiye niliyeutia viraka. Mkono wake haukutoka humo. Kanisani, barazani, hata tukiangalia taarifa ya habari. Nikajua tu... kashika simu. Kuna mtu humo mfukoni hataki nimwone.

Sikuwahi kuuliza. Niliogopa jibu.

Kisha Leonard akafa.

Moyo, ghafla, mchana, wiki moja kabla ya Pasaka. Hakunipa hata nafasi ya kumuuguza, mimi niliyemuuguza baba yangu miaka na miaka. Tukampandisha Mgeta, tukamzika kwao, ukungu umetanda hatuoni hata shamba la jirani.

Msibani ndipo nilipomwona Mwanvita.

Wenye mila zetu mnajua. Mtani wa ukoo ana ruhusa yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, na watu wanacheka huku kamasi zinawatoka. Ndivyo tunavyopumua.

Basi akatokea huyo dada, amevaa koti la Leonard na kofia yake. Akatembea. Jamani... alikuwa yeye! Bega moja chini, hatua fupi, kikohozi kile kile cha dereva. Wazee wakaanza kushikana mbavu.

Akaketi mbele yangu. Akajikuna shingo.

"Mke wangu Judith! Chai iko wapi, au mpaka nifufuke?"

Wakamletea kikombe. Akakipokea kwa mkono wa kulia, na ule mkono ukaanza kutetemeka. Chai ikamwagika kwenye koti, kwenye mkeka, kwenye miguu ya wifi yangu Irene. Watu hoi kwa kicheko!

Mimi sikucheka. Leonard hakuwa mlevi. Kwa nini amwonyeshe kama mlevi?

Halafu wazo likanichoma pale pale. Mtani anaiga alichokiona. Kule kujikuna shingo... huyu ameona wapi? Amekaa na mume wangu kiasi gani mpaka akayajua hayo?

Nikaanza kumhesabia uzuri wake. Ngozi, meno, kiuno. Msibani, mwili wa mume wangu haujapoa kaburini, mimi nahesabu kiuno cha mwanamke mwenzangu.

Miezi ikapita. Ukafika wakati wa kupanda tena Mgeta kuweka msalaba kaburini, na gari nalo likaanza kulia gurudumu la nyuma. Krrrr, krrrr. Chuma kwa chuma.

Nikampigia Irene. "Wifi, gari hili kwenye ile milima litatumaliza."

"Tulia, nakutumia mtu anayelijua."

Jumamosi asubuhi geti likagongwa. Nafungua... Mwanvita! Mkononi ana mfuko wa spea. Kumbe anauza kwenye duka la spea kule Msamvu.

"Hodi, mke wangu! Umekonda, nani anakunyima chakula na mimi nipo?"

"Karibu," nikasema. Sikutabasamu.

Hakuuliza jeki iko wapi. Alikwenda moja kwa moja chini ya ngazi, akaichukua. Hakuuliza spana. Kisha akaingia jikoni kwangu, akasukuma mlango, akanyoosha mkono kwenye msumari.

Ovaroli.

Ndugu zangu, ile ovaroli sikuwa nimeifua. Kuna siku nikizidiwa naenda nyuma ya ule mlango, naweka uso pale kifuani, nanusa grisi na jasho lake. Ndiyo ilikuwa imebaki.

Mwanamke akaivaa mbele yangu! Akafunga na vifungo!

Nikaketi kwenye kigoda, nikamwangalia kama askari anavyomwangalia mwizi.

Akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akalegeza breki ya mkono, akalegeza nati, akapiga jeki, akatoa gurudumu. Akafungua ile kalipa, lile dude la chuma linaloikumbatia diski, akalitundika kwa waya lisining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Zikatoka pedi kuukuu. Moja ilikuwa imebaki bati tupu.

"Ona," akasema. "Ungefika Mgeta, ila kushuka ungeshuka na malaika."

Nikataka kuonyesha kwamba na mimi najua. "Sasa unaisukuma pistoni, ile inayokandamiza pedi, irudi ndani."

"Ya mbele ndiyo unaisukuma. Hii ya nyuma unaizungusha kama parafujo, huku unaibana. Ukiisukuma kwa nguvu unaivunja." Akacheka peke yake. "Leonard alinipigia kelele hapahapa, siku ya kwanza. 'Zungusha, mtani, zungusha! Hiyo siyo mlango wa choo!'"

Hapahapa.

Siku ya kwanza.

Nikasogeza kigoda karibu.

"Alikufundisha lini?"

"Zamani kidogo." Akapaka grisi, akapachika pedi mpya, hakuniangalia. Akahamia upande wa pili, nao akaumaliza kimya kimya. Akashusha jeki, akakaza nati, akatoa mawe. Gari likabaki limeshikiliwa na gia tu.

"Bado hatua moja," akasema, "ila kwanza nifungue geti, nitalijaribu barabarani. Weka chai, shemeji. Mimi na yeye tulikuwa tukimaliza, tunakunywa chai pale kwenye ngazi."

Nikasimama.

"Mlikuwa mnakunywa chai?"

"Ndiyo."

"Leonard aliacha chai!"

Akafika getini, mkono ukabaki kwenye komeo.

"Kwangu hanywi, kwako anakunywa? Kwenye vikombe vyangu? Mimi niko juani nauza vitenge, nyie mko kwenye ngazi yangu?"

"Shemeji, siyo hivyo..."

"Usiniite shemeji! Vua hiyo nguo! Vua!"

"Judith, nisikilize."

Sikutaka kusikiliza. Funguo zilikuwa kwenye gari. Nikaingia, nikabamiza mlango, nikawasha. Nilikuwa naenda kwa Irene, nimwambie abaki na kaka yake, na msalaba wake, na mtani wake, wote!

"Usiondoe gari! Judith, bado kukanyaga! Usiondoe!"

Nikatoa gia.

Gari likateremka. Nikakanyaga breki... ikazama.

Hapo ndipo mliponikuta.

Ile nukta moja ikapita. Nikaona kiraka. Kwenye mfuko wa kulia wa ile ovaroli, kiraka changu cha kitenge cha bluu nilichokishona mimi. Nikaona Leonard. Siwezi kueleza vizuri zaidi.

"TENA! KANYAGA TENA!"

Nikakanyaga. Ikazama, lakini siyo yote. Nikakanyaga tena. Ikapanda. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, ikawa ngumu kama jiwe, gari likasimama likitikisika, bampa inagusa magoti yake.

Injini tu.

Mwanvita akateleza na geti mpaka chini, akaketi kwenye vumbi. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Pistoni... ukiirudisha ndani, inakuwa mbali na pedi," akasema, pumzi hazimtoshi. "Lazima ukanyage kanyage kwanza, kabla hujaondoa gari. Ndiyo ile hatua moja. Yeye ndiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nafunga, yeye anakaa hapo anakanyaga."

"Yeye anakanyaga? Si yeye ndiye alikuwa fundi?"

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Judith, hukuelewa kule msibani?"

"Nielewe nini? Kwamba ulimwiga kama mlevi?"

"Mlevi?" Akafunga macho. "Mungu wangu... Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, Judith. Ulikuwa mwaka wa tatu."

Mguu wangu ukabaki kwenye breki. Sikuweza kuutoa.

"Alikuja dukani kununua pedi, akataka kunionyesha boliti inavyoingia kwenye tundu lake. Ikamshinda. Akajaribu, akajaribu. Mimi ni mtani wake, nikamcheka. Nikamwambia, mzee, unapiga ngoma ya nani? Akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Akasema kuna watu watamhurumia na kuna watu watamlilia, yeye anataka mmoja wa kumcheka."

"Kwa nini asiniambie mimi?"

"Siku mnamzika baba yako, ulimwambia Leonard nini?"

Nikakumbuka.

Baba alitetemeka mpaka kijiko kikamshinda. Nilimlisha, nilimfuta chai kifuani kila asubuhi mpaka siku aliyoondoka. Tulipotoka makaburini nilimshika Leonard mkono, nikasema, "Nikimwona tena mtu anatetemeka na kikombe, nitakimbilia porini. Sitaweza mara ya pili."

Nilisema kwa uchovu tu. Nilikuwa nimechoka!

Yeye akaacha chai.

Akaacha supu. Akaingiza mkono mfukoni, akaukamata huko ndani usionekane, mpaka kitambaa kikatoboka. Akasema, "Endesha wewe mama, mimi nikuangalie," nami nikaona ni mapenzi. Na Jumamosi akamwita mtani wake aje amfungie breki za gari ninaloendesha mimi, kisha akae kwenye ngazi anywe chai, amwage atakavyo, mtu amcheke.

"Alisema atakuambia baada ya Pasaka," akasema Mwanvita. "Haikufika. Mimi siwezi kuja kukutangazia ya mume wako. Ila mtani msibani haonyeshi uongo. Nikaona nikimwaga chai mbele yako, utajua."

Sikujua. Nilikuwa nahesabu kiuno chake.

Niliivuta tena breki ya mkono, sasa ikashika; nikazima injini, nikatoka, nikaketi naye kwenye vumbi. Sikumwomba msamaha kwa maneno, sikuwa nayo. Niliushika ule mfuko wa kulia, nikaingiza mkono wangu ndani. Ulikuwa umetoboka tena. Vidole vikatokea upande wa pili.

Tulipanda Mgeta tukaweka msalaba. Kushuka niliendesha mimi, kona baada ya kona, lori za mboga zinatupita pembeni. Breki hazikulia hata mara moja.

Sasa mnataka niseme wivu umekwisha? Haujakwisha. Ninaandika haya nisije nikasahau, kwa hiyo naandika kweli. Namwonea wivu Mwanvita mpaka leo. Siyo kiuno. Namwonea wivu zile Jumamosi. Namwonea wivu kila tone la chai lililomwagika kwenye ngazi yangu wakati mimi nauza vitenge, kwa sababu lile lilikuwa langu, na ningeliweza. Ningeweza mara ya pili. Kwa Leonard ningeweza hata mara ya tatu.

Wewe unayesoma na mwenzako yuko hapo pembeni, mkono kauficha mfukoni. Usikae miaka ukijiuliza kashika nini. Muulize mkono una nini. Na neno ulilolisema siku umechoka, rudi ukalifute, maana kuna mtu alilisikia akaanza kuishi nalo.

Ovaroli bado sijaifua. Ina harufu za watu wawili sasa.

Jana ilikuwa Jumamosi. Sikwenda sokoni. Mwanvita alikuja kunifundisha breki za mbele, mikono yangu ikajaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nilipomaliza nikaingia kwenye gari mwenyewe, nikakanyaga breki, nikakanyaga tena, mpaka ikawa ngumu.

Kisha nikatoa vikombe viwili, nikaviweka kwenye ngazi.

Mwanvita, ndani ya ile ovaroli, alikuwa bado anahangaika na nati za mwisho. Nikamwita.

"Mume wangu! Njoo, chai inapoa."