Muuguzi wa Wodi ya Ini

Muuguzi alisimama kando ya kitanda cha tatu na kikombe chake cha chai ya saa nne. Alipiga funda moja, akahisi kitu laini kikimtelezea ulimini. Alichungulia kikombe, kilikuwa na chai tu. Lakini kinywa kilimjaa ladha ya ini bichi lililopasukiwa na nyongo, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa akimtazama, aliona haya kutema. Akameza.

Mgonjwa huyo alikuwa fundi viatu, macho manjano, tumbo limejaa maji. Daktari wa wodi alikuwa na hesabu ya kukadiria nani atapona: alichukua vipimo vya manjano, kuganda kwa damu na figo, akavigeuza kuwa jumla moja ya alama, chache zikiwa ndizo nzuri. Alama za fundi zilikuwa nzuri. Jioni hiyohiyo alitapika damu nyeusi, akafa.

Ikawa ndiyo hali. Ladha ile ikimjia kando ya kitanda, mwenye kitanda hamalizi siku mbili, alama ziwe nzuri ziwe mbaya. Muuguzi hakumwambia mtu, ila wenzake walimwona akikunja uso, wakaanza kumtania, wakamwita Mizani. Mwishowe hata daktari, ambaye hakuwa mtu wa mambo hayo, akawa anamvuta pembeni kabla ya kuamua nani apewe kitanda pekee chenye mashine. Muuguzi akikunja uso, kitanda anapewa mwingine.

Kisha akaletwa kaka yake, dereva wa lori, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alikuwa amebugia vidonge vya maumivu ya mgongo wiki nzima. Alikuwa manjano hadi kwenye kucha, na pumzi yake ilinuka utamu wa kitu kilichovunda. Daktari alipiga hesabu mara mbili, akamwambia muuguzi kwamba wagonjwa saba kati ya kumi wenye alama hizo hupona.

Muuguzi akamgusa kaka yake paji la uso. Papo hapo kinywa kikajaa, na safari hii lilikuwa pande zima, vuguvugu, lenye mshipa ulionasa katikati ya meno. Alikimbilia chooni, lakini koo lilimeza lenyewe kabla hajafika.

Mchana huohuo alikwenda kwa mganga, mama mnene aliyetibu watu nyuma ya duka la mitungi ya gesi.

"Ukipata hiyo ladha, unatema au unameza?" mganga aliuliza.

"Nameza. Naona haya mbele ya wagonjwa."

Mganga akasogeza kiti chake nyuma. "Basi hukuwa unatabiri, mwanangu. Kuna jini anakula humo wodini. Hana kinywa, anatumia chako."

Alimwambia arudi akakae na kaka yake, asimeze chochote, hata mate, mpaka jini mwenyewe ashindwe na njaa.

Akakaa, beseni mapajani, pazia limevutwa, na kila kaka alipoguna pande jingine lilimjia kinywani naye akalitema, la kahawia, la kijani, lenye utelezi kama makamasi, huku sauti isiyo yake ikimnong'oneza kutoka ndani ya kifua chake mwenyewe, "Meza," akatema, "Meza, kidogo tu," akatema tena, mpaka muuguzi mwenzake akafungua pazia, akaona beseni limejaa, akaziba pua na kuuliza kwa sauti ya chini vile vitu vimetoka kwa nani.

Muuguzi akafungua kinywa ajibu. Kitu cha kijivu, kirefu kama ulimi wa ng'ombe, kilikuwa kikimtoka kooni. Kilidondoka sakafuni, kikajiburuta hadi kwenye tundu la maji machafu, kikazama.

Asubuhi kaka alifumbua macho, akaomba maji. Alama zake zikawa zinapungua kila siku, na wiki ya tatu akaruhusiwa.

Getini alimkumbatia dada yake akilia. "Umeniokoa, mdogo wangu."

Uso wa muuguzi ulikuwa shingoni mwake. Ngozi ilikuwa ya moto, imerudi rangi yake, inanukia uzima. Tumbo la muuguzi likanguruma kwa njaa, na kinywa chake kikajaa mate.

Alimsukuma kwa nguvu, akageuka, akaondoka mbio. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena nyumbani kwa kaka yake.