Mihogo ya Kambo na Mita ya Maji

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa, Delphine alifagia kiwanja, akaosha masufuria ya jana, akajaza mtungi wa kunywa. Kazi ilikuwa nyepesi, kwani nyumba yao ya mtaa wa Kamalondo ilikuwa imepata bomba lake, huko nyuma ya jikoni. Majirani wengi bado walipanga ndoo kwenye bomba la watu wote. Yeye alifungua, akafunga, akavaa gauni lake, akaenda shuleni.

Karibu na bomba kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye kioo. Hiyo ndiyo mita. Mshale wake mwembamba ulizunguka kila maji yalipotoka, na mwisho wa mwezi baba yake, Edouard, fundi wa reli, alilipa kadiri ulivyozunguka.

Basi kambo, yaani mama yake baba, akafika kwa treni kutoka Kabongo. Hakupenda kupika bukari, yaani ugali, kwa unga wa dukani. Alinunua mihogo, akaimenya, akaitia katika nusu pipa chini ya bomba. Kisha akafungua bomba kidogo tu. Maji yaliingia kama uzi na kumwagika upande wa pili, mchana na usiku.

"Kambo, nifunge?" Delphine aliuliza.

"Acha! Muhogo unaloweka ku mutoni, mu maji yenye kutembea. Maji ya kulala inanuka. Unataka baba yako akule bukari ya kunuka?"

"Lakini mita inazunguka, kambo."

"Izunguke! Mimi nimezunguka na watoto saba mugongoni, hakuna muntu aliniandikia."

Mama, aliyekuwa mjamzito, alisikia yote. Akainamia mboga zake. Hakuthubutu kumfundisha mama mkwe wake mambo ya chakula. Delphine naye akaliacha bomba likitiririka.

Mwezi ulipokwisha, baba alirudi na karatasi ya malipo ya maji, akakaa bila kuvua kofia.

"Maji yote hii nani amekunywa? Tembo?" Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi gizani, na nyuma ya jikoni hakufika kamwe. Akatazama ua wa jirani. "Ni Marceline. Tukilala, anakuja kuchota."

Marceline, muuza maandazi, alimsikia. "Baba Delphine! Mimi mwizi wa maji? Basi kaa na maji yako, uoge mpaka utoke magamba!" Tangu siku hiyo hakuwasalimu tena.

Delphine alitaka kusema. Lakini akisema, atakuwa amemshitaki kambo mbele ya baba. Usiku alisikia uzi ule wa maji ukilia ndani ya pipa, akajifunika blanketi mpaka masikioni.

Karatasi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Baba hakuweza kulipa. Akaja mtu wa kampuni ya maji mwenye ufunguo mkubwa, akalifunga bomba, akaenda zake bila maneno mengi.

Sasa ndoo ikawa ya Delphine. Mama hakuweza kubeba, na miguu ya kambo ilikuwa imevimba. Foleni ya bomba la watu wote ilikuwa ndefu, na wanawake wakubwa walimpita mtoto bila aibu. Alipomaliza kujaza mitungi, wenzake walikuwa darasani zamani. Mwalimu akamwambia wazi: akiendelea hivyo, nafasi yake itapewa mtoto mwingine.

Jioni moja kambo alimwita. "Delphine, ongeza ndoo moja ya maji, ya kuloweka mihogo yangu."

Delphine akakaa chini, palepale, akalia.

"Kambo, mimi sitasoma tena."

"Nani amesema?"

"Mwalimu. Robine, ile bomba yetu, ilifungwa sababu ya mihogo. Maji tunalipa, kambo, hata ile inamwagika ku mufereji."

"Hata ile haikunywewa na muntu?"

"Hata ile."

Baba aliporudi, alimkuta kambo akimngoja mlangoni.

"Edouard, usitafute tena. Mwizi wako niko mimi na mihogo yangu."

Baba alivua kofia, akaenda kwa Marceline kuomba msamaha. Marceline alimwacha asimame wima mpaka maandazi yote yakaiva, ndipo akamsamehe. Kesho yake baba akakubaliwa na kampuni ya maji kulipa deni lake kidogo kidogo, na bomba likafunguliwa. Delphine akarudi shuleni, nyuma ya wenzake kwa masomo mengi.

Kambo alianza kuloweka mihogo katika chungu chenye kifuniko, akitia ndani kipande cha muhogo wa zamani uliokwisha kulainika, ili mingine ilainike upesi. Alinung'unika kwamba inanuka, lakini bukari alikula. Maji ya kusuuzia vyombo yakaenda kwenye tuta la mboga za lengalenga.

Jumapili baba alimwita Delphine. "Ulijua. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa, baba."

"Kumwambia mkubwa ukweli kwa heshima si kumtukana. Ungeniambia, tungeokoa maji, na shule yako, na jina la Marceline. Maji ya robine tunalipa yote, yakinywewa au yakimwagika, kwa hiyo kila mtu wa nyumba ayalinde." Akageuka kutazama ua wa Marceline. "Na mimi nina kosa langu. Nilichungulia kwa jirani kabla ya kutazama nyuma ya jikoni yangu."