Mwanaheri, Msimamizi wa Moto

Mwanaheri na mama mkwe wake, Bi Zuhura, walikwenda kazini pamoja kila asubuhi. Walikaa nyumba moja Rasbura, mjini Lindi. Walibangua korosho katika karakana ya Bwana Hasani, kando ya barabara ya kwenda Mchinga. Njiani Bi Zuhura alitangulia, na Mwanaheri alifuata nyuma kidogo. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Ndivyo alivyolelewa kwao: mkwe hapandishiwi sauti, hakatizwi akizungumza, wala haamrishwi.

Walipofika walivua kandambili mlangoni, wakanawa, wakaingia. Korosho ni chakula, na Bwana Hasani hakutaka vumbi la barabarani liingie ndani. Watu wakishafika wote, mlangoni palikuwa na lundo la kandambili. Nyingi zilikuwa za rangi moja. Jioni wanawake walibishana ipi ya nani, wakataniana, wakacheka.

Chumba cha kubangulia kilikuwa na milango miwili. Wa mbele uliachwa wazi. Wa nyuma ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Bwana Hasani. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu korosho zisije zikatoka kwa nyuma zikiwa zimefungwa ndani ya khanga. Kwa kuwa mlango ule haukufunguliwa, magunia nayo yakapangwa mbele yake.

Kando ya chumba palikuwa na banda la tanuru. Hapo Likwata alichochea moto wa kuchemshia korosho kabla ya kubanguliwa. Kuni zake zilikuwa maganda ya korosho. Maganda yana mafuta, yanawaka kwelikweli. Likwata aliyalundika karibu kabisa na tanuru ili asihangaike kutembea.

Wiki moja cheche iliruka ikaunguza gunia tupu. Likwata alilikanyagakanyaga likazimika. Yeye aliona yamekwisha, lakini Bwana Hasani hakulala vizuri. Akaenda zimamoto kuomba mtu wa kuwafundisha.

Alikuja askari mmoja mwanamke, Afande Cecilia. Alizunguka karakana nzima akiwauliza watu hili na lile. Kisha akawaketisha watu wote uani.

"Kila mahali pa kazi panahitaji wasimamizi wa moto," alisema. "Hapa nataka wawili. Likwata, kwa sababu uko karibu na tanuru. Na Mwanaheri."

"Kwa nini mimi, afande?" aliuliza Mwanaheri.

"Nimeuliza nani anajua kila mtu hapa anakaa wapi. Wote wamekutaja wewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Zuhura alitazama chini, lakini ilionekana amefurahi. Mwanaheri akavishwa kizibao cha njano.

"Kwa hiyo sisi ndio tutakaozima moto?" aliuliza Likwata.

"Hapana," alisema Afande Cecilia. "Kazi yenu ya kwanza ni kuzuia usianze. Kila siku mpite mkague. Njia iko wazi? Mitungi ya kuzimia moto ipo mahali pake? Maganda yako mbali na tanuru? Kazi ya pili ni kutoa watu. Kuzima ni mwisho, tena ukiwa moto mdogo tu, na mlango wa kutokea uko nyuma yako. Moto ukikushinda, uache utoke."

"Mimi nikiona moto wa maganda namwagia maji," alisema Likwata.

"Maganda yana mafuta. Ukimwagia maji, mafuta yanaruka na moto wake. Tumia mchanga, au mtungi huu wa unga." Akauinua ule mtungi mwekundu. "Ng'oa pini. Elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, usielekeze juu kwenye ndimi. Bana mpini wake. Kisha peleka huku na huku, kama mtu anayefagia."

Likwata alijaribu. Unga mweupe ukamrukia kichwani. Watu walicheka, naye akacheka.

"Sasa niambieni ishara yenu ni ipi," alisema Afande Cecilia.

Wakachagua rimu kuukuu ya gari iliyoning'inia uani. Ikigongwa mfululizo, kila mtu aache alichoshika, aende kiwanja cha mpira kilicho jirani.

Afande Cecilia aliondoka bila kuwaambia lini angerudi. Alirudi siku chache baadaye, adhuhuri, akamnong'oneza Likwata, na rimu ikagongwa.

Yaliyotokea yalikuwa aibu tupu. Wanawake walikimbilia mlango wa mbele, halafu wakasimama. Kila mmoja aliinama kutafuta kandambili zake. "Hizo zangu." "Zako zina doa." Wa nyuma walisukuma, wa mbele wakagoma. Mwanaheri alikumbuka mlango wa pili, akakuta magunia na kufuli.

Akaenda kukagua vyumba, kama alivyofundishwa. Chooni hakukuwa na mtu. Stoo hapakuwa na mtu. Katika chumba kidogo cha kuswalia alimkuta Bi Zuhura amesujudu. Bi Zuhura kila siku alikuwa wa mwisho kuswali, maana hakupenda kuacha fungu lake la korosho nusu. Mwanaheri alifungua mdomo, akaufunga. Akarudi nyuma taratibu.

Kiwanjani Afande Cecilia alimuuliza, "Wote wametoka?"

"Wote, afande. Isipokuwa mama. Anaswali."

Afande Cecilia alimtazama.

"Kama moto ungekuwa wa kweli," alisema polepole, "mama yako ungekuwa umemwacha ndani."

Mwanaheri alivua kizibao, akakikunja.

Jioni ile nyumbani alimwambia mumewe, Bakary, kwamba atarudisha kizibao. Bi Zuhura alikuwa uani anakuna nazi.

"Kazi yenyewe siiwezi," alisema Mwanaheri. "Nitamfokeaje mama? Nimwambie toka, na yuko kwenye mswala? Wampe mwingine."

"Na huyo mwingine atamfokea?" aliuliza Bakary. "Pale nani asiyemheshimu mama?"

Mlio wa mbuzi ya nazi ukanyamaza. Bi Zuhura akatokea mlangoni, mikono yake imejaa nazi iliyokunwa.

"Mnanizungumza kama nimesafiri," alisema.

"Tusamehe, mama," alisema Mwanaheri.

"Kaa. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tangu mdogo. Tulifundishwa kwamba roho ya mtu ikiwa hatarini, swala inakatwa. Utaiswali upya. Mungu ndiye aliyeniumba, hapendi niungue. Kwa hiyo hilo lisikusumbue."

"Na heshima, mama?"

Bi Zuhura alijifuta mikono.

"Ukiniacha niungue kwa heshima, mwanangu, hiyo heshima nitaipeleka wapi? Ukivaa kile kizibao, usiniite mkweo. Usiseme samahani. Niambie toka. Nisipotoka, nivute."

Mwanaheri alilia. Hakujua kama ni kwa haya au kwa kupata nafuu. Bakary alijifanya anatafuta kiberiti.

Kuanzia hapo karakana ilibadilika. Bwana Hasani aliondoa kufuli, akaweka komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Kuhusu wizi, alimweka mlinzi nje ya mlango ule. Magunia yalihamishwa. Likwata alinung'unika, lakini alipeleka maganda mbali, akawa anayaleta kidogokidogo kwa toroli. Ndoo za mchanga zilisimama kando ya tanuru. Kandambili zilitengewa rafu uani, na wote wakakubaliana kwamba rimu ikilia watatoka peku. Wale wanaokaa meza moja walipewa kazi ya kutazamana: ukitoka, hakikisha jirani yako yupo. Wakafanya zoezi tena, na tena, hadi ikawa mazoea.

Kisha msimu wa korosho ukafika. Kazi ikawa nyingi, na upepo ukawa mkali. Mchana mmoja upepo uligeuka ghafla, ukapuliza makaa nje ya mdomo wa tanuru. Maganda ya kwenye toroli yakashika moto.

Likwata alichukua mtungi. Aling'oa pini, akafagia shina la moto. Moto ukapungua. Lakini cheche zilikuwa zimekwisha kupanda kwenye makuti ya paa la banda, na makuti makavu hayangoji mtu. Likwata alitaka kubaki apambane. Akakumbuka aliyoambiwa. Akatupa mtungi, akakimbilia rimu.

Mwanaheri alisikia rimu, akavaa kizibao.

"Acheni kila kitu," alisema kwa sauti kubwa. "Meza za mbele, mlango wa mbele. Za nyuma, mlango wa nyuma. Msikimbie."

Akasukuma komeo, mlango wa nyuma ukafunguka. Wanawake wakatoka peku, wakishikana mikono. Moshi ulianza kupenya chini ya paa. Mwanaheri akamwambia Bwana Hasani awapigie simu zimamoto, moja moja nne, awaelekeze kabisa mahali walipo. Yeye akaenda kukagua. Choo, hakuna mtu. Stoo, hakuna mtu; akafunga mlango ili moshi usipite haraka.

Chumba cha kuswalia: Bi Zuhura alikuwa amerukuu; kwa upepo ule hakuisikia rimu.

"Mama, moto. Toka."

Bi Zuhura aliinuka palepale. Lakini aligeuka, akainama kuukunja mswala wake, kama alivyofanya miaka yote.

"Acha mswala," alifoka Mwanaheri. "Toka sasa hivi."

Hakuwahi kutoa sauti ile maishani mwake. Akamshika mkono, akamvuta. Wakatoka pamoja wakiinama chini ya moshi.

Kiwanjani watu wa kila meza walitazamana. Wote walikuwepo. Mwanamke mmoja alitaka kurudi kuchukua simu. Mwanaheri alisimama mbele yake, akatanua mikono.

"Hakuna anayerudi. Zimamoto wakisema, tutarudi."

Gari la zimamoto lilifika kutoka Lindi mjini. Afande Cecilia aliteremka na jambo la kwanza aliuliza, "Nani amebaki ndani?"

"Hakuna mtu ndani, afande," alisema Mwanaheri. "Moto umeanzia banda la tanuru."

"Vizuri. Basi tunaweza kuanza na paa."

Banda liliteketea, na sehemu ya stoo ikaungua. Chumba cha kubangulia kilipona. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Likwata aliyebabuka kidogo mkononi. Bwana Hasani alizunguka akiwagusa watu mabega mmoja mmoja, machozi yanamtoka.

Mwanaheri alivua khanga yake ya juu, akaitandika kwenye nyasi. Bi Zuhura akauliza kibla, akasimama juu ya khanga, akaanza swala yake upya.

Jioni majirani walikuja Rasbura kutoa pole. Kati yao alikuwemo Bi Mwanasha, mtu wa kupenda habari. Alimsogelea Bi Zuhura, akateremsha sauti.

"Nasikia mkweo alikufokea mbele za watu. Akakuvuta mkono."

Mwanaheri, aliyekuwa akimimina chai, aliinamisha kichwa.

"Kweli kabisa," alisema Bi Zuhura. "Alinifokea, akanivuta. Ndiyo maana umenikuta nakunywa chai, Mwanasha, hukunikuta nimefunikwa shuka."

Kisha akamnyooshea Mwanaheri kikombe, akaomba aongezewe sukari.