Siku ya Kupanga Madawati

Rafiki yangu Tryphosa hufundisha sekondari msingi karibu na Magwagwa, na haya yalimpata mwaka jana. Ilikuwa mchana, na kesho yake mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Tisa ungeanza. Wanafunzi walikuwa wameshaenda nyumbani, naye akabaki darasani kubandika nambari za watahiniwa kwenye madawati.

Mvua ya mawe ikaja ghafla. Upepo ukaubamiza mlango, na komeo la nje likajifunga. Stima ikapotea, na wingu zito likaziba mwanga wa madirisha yenye nondo hata asiione mikono yake. Akagonga, akaita, lakini mabati yalinguruma kuliko sauti yake.

Mvua ilipopungua alisikia kalamu. Zilikuwa nyingi, zikikwaruza karatasi nyuma yake. Kisha kurasa zikafunuliwa zote kwa pamoja. Tryphosa akabana uso mlangoni, akafumba macho, akawa anaomba kimoyomoyo asiguswe.

Hatimaye komeo likalia. Alikuwa Mzee Ogari, bawabu wa shule. Tryphosa akachomoka, akamshika mkono.

"Mzee, funga. Funga sasa hivi."

Ogari hakufunga. Alijibanza kando akiushikilia mlango, kichwa kikigeuka polepole, kama mtu anayetazama watoto wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Halafu akachungulia ndani, gizani.

"Ngoja kidogo, mwalimu," akasema kwa upole. "Mmoja bado anaandika."