Mmoja Hana Mwenzake

Jioni ile Tiburcio alitumwa kazi nyepesi: apande kwa mzee Nazario, mchumaji, akachukue furushi lililofungwa kwa jani la mgomba na kulileta nyumbani kabla giza halijaingia. Shangazi yake Eufrosina, mganga, alimsindikiza hadi mlangoni.

"Usilifungue. Watoto hawapendi kutazamwa njiani."

"Ni uyoga tu, shangazi."

"Chuoni kwenu ni uyoga. Hapa ni watoto, na wanakuja kwa ajili ya mama yako. Haya, nenda, msomi wangu, na mdomo uufunge, usije ukameza inzi."

Mama yake, Apolonia, alikuwa na siku ya tisa kitandani. Homa ilishinda vidonge vya zahanati, ikashinda na sindano. Tumaini lililobaki ni kesha la usiku ule, ambapo mgonjwa angekula watoto hao mbele ya mshumaa.

Mzee Nazario aliwahesabu watoto wawili wawili mbele ya macho ya Tiburcio. Kumi na wawili, jozi sita.

"Hawatembei peke yao hawa," alisema akicheka. "Hata kiatu kimoja hakifiki mbali."

Tiburcio akashuka. Ukungu ulikuwa umeziba mashamba ya kahawa, na kichwani mwake lilizunguka jambo moja. Mwalimu Ledezma wa chuoni alikuwa ameomba vumbi la mbegu za uyoga ule, walitazame kwa hadubini, na darasa zima likamgeukia yeye, yule wa milimani ambaye siku zote walimcheka kwa lafudhi yake. Kwa mara ya kwanza walimwangalia kama mtu mwenye kitu. Mmoja tu, aliwaza. Nani atajua?

Akafungua jani. Harufu ya udongo uliolowa ikampanda puani. Akachukua mmoja, akamtia ndani ya kikopo alichokuwa nacho mfukoni, kisha akalifunga jani kwa haraka ya mwizi, maana ndivyo alivyokuwa.

Ndipo akasikia mluzi nyuma yake.

Hakushtuka mara moja. Katika milima ile wanaume huzungumza kwa mluzi toka bonde hadi bonde, maneno kamili, na kila mtu huelewa. Wanawake pia huelewa, ila wao hawapigi. Ni aibu.

"Unakwenda... wapi?" mluzi uliuliza.

Naye akajibu kwa mluzi, kwa adabu: "Nyumbani. Wewe ni nani?"

Matone yalidondoka kwenye majani. Tip... tip...

Kisha mluzi ukaja tena, mwembamba, karibu kabisa. Ulitokea usawa wa goti lake.

"Mwenzangu... yuko wapi?"

Tiburcio alikimbia hadi nyumbani bila kugeuka.

Mshumaa wa nta uliwaka, ubani ukafuka. Shangazi alifungua jani, akawapanga wawili wawili kwa vidole. Mwishoni vidole vikasita.

"Huyu hana mwenzake," alinong'ona. "Tiburcio. Ulifungua?"

"Hapana, shangazi. Labda mzee Nazario kakosea kuhesabu. Macho yake siku hizi..."

Maneno yalitoka laini, na hilo lilimtia aibu kuliko wizi wenyewe. Alijua angeweza kutia mkono mfukoni wakati uleule na mambo yakaisha. Mkono haukwenda. Shangazi alimtazama mgonjwa, akasikiliza pumzi yake inavyokwaruza, akaona kesho ni mbali.

"Basi na ale hivyohivyo," alisema. "Mungu atusamehe."

Asubuhi homa ilikuwa imeondoka. Apolonia aliketi, akala maharage na tortilla mbili, zile chapati za mahindi. Majirani wakaingia kumpa pole, wakamuuliza anajisikiaje. Akawatazama mmoja mmoja, akakunja midomo, akapiga mluzi.

Mwanamke wa miaka hamsini! Wengine walijifunika shuka za mabegani kuficha kicheko, kisha kicheko kikakauka, kwa sababu walielewa alichosema.

"Mwenzangu yuko wapi?"

Hakusema neno jingine. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Wamenirudishia nusu," shangazi alisema. "Nusu imebaki kuwa mwenzi wa yule aliyeachwa peke yake. Ole wake Nazario." Akaacha kuchukua watoto kwa mzee yule, na wengine wakamwacha pia. Mzee akawa anashinda kizingitini, akihesabu vidole vyake, akijiuliza alikosea wapi.

Na Tiburcio? Asubuhi ile ya kwanza alikuwa amemwinua yule mtoto wa wizi kutoka kwenye karatasi alikomlaza usiku ili adondoshe vumbi lake. Vumbi lilikuwa limeshuka vizuri, duara la zambarau iliyokoza lenye mistari myembamba.

Pembeni yake palikuwa na duara la pili.

Yeye alilaza mmoja. Akajiambia ni unyevu, akaikunja karatasi na kumpa dereva wa gari la mjini ampelekee mwalimu. Siku ya nne mwalimu akapiga simu.

"Hongera, kijana! Nimeomba alama moja ya vumbi, umeleta mbili. Tumeshazigawa, kila mwanafunzi ana kioo chake cha hadubini. Ya pili ina chembe ngeni, hatujawahi kuziona."

"Mwalimu, naomba... zirudishwe."

"Nini?"

"Si kitu, mwalimu. Asante."

Jioni hiyo mama yake aliketi mlangoni akiupigia mluzi ukungu. Jikoni shangazi alikuwa akipiga tortilla kwa viganja, pa, pa, pa. Tiburcio alisimama katikati yao na kujaribu kusema. Ulimi ukawa mzito kwa aibu. Basi akakunja midomo na kuungama kwa mluzi, akasahau kwamba mluzi haujui kunong'ona.

"Ni mimi niliyemchukua. Nazario hakukosea."

Ukavuka bonde zima. Mapanga yaliyokuwa yakifyeka kwenye kahawa yakanyamaza. Viganja vya shangazi vikanyamaza.

Kutoka juu, kizingitini kwa mzee Nazario, jibu likaja taratibu: "Mrudishe."

Mwanaume mwingine akalipokea, na mwingine, mlima kwa mlima. Mrudishe. Mrudishe. Naye angemrudisha vipi, mwili wake umeshaoza na vumbi lake limekwisha kugawanywa kwenye vioo?

Alianguka magotini mbele ya mama yake, akaficha uso na kulia. Mkono ukamgusa kichwani, kama alipokuwa mdogo, na kwa muda akadhani amesamehewa. Lakini mkono ulikuwa baridi, umelowa, unanuka udongo wa mvua. Mama akainama hadi midomo yake ikaligusa sikio, akapiga mluzi mdogo sana.

"Tulikuona."