Picha Iliyolia Kwenye Mvua

"Mbona mzee analia?"

Jirani yangu Roda ndiye aliyeuliza hivyo. Hakuuliza kwa ubaya. Tulikuwa tumesimama kando ya kaburi la Mzee Protus, hapa kwetu karibu na Malava. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya kila siku. Watu walikuwa wamejifunika vichwa kwa programu za mazishi. Roda aliposhusha yake, akaiona picha ya marehemu iliyokuwa mbele, akauliza swali hilo.

Sote tukatazama karatasi zetu. Ilikuwa kweli. Michirizi myekundu ilikuwa inashuka kutoka machoni mwa mzee hadi kidevuni. Na kitu kilichotutia baridi ni hiki: maandishi yalikuwa mazima. Jina lake halikuguswa. Sura tu ndiyo iliyolia.

Barnaba, mdogo wake marehemu, aliikunja programu yake polepole akaitia mfukoni. Kisha akamtazama Khalayi, mjane wa mzee.

Siku chache baadaye alianza kusema. Alisema marehemu halii bure, kuna mtu aliyemkosea ndani ya nyumba. Hakutaja jina. Lakini ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mtu mmoja tu. Watu wakaacha kuingia kwa Khalayi. Sokoni akipanga maharagwe yake, wateja walipita wakaenda kununua ya mwingine. Hata kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila upande. Mimi pia ni mjane. Najua nyumba inavyonyamaza watu wa matanga wakishaondoka. Yake ilinyamaza zaidi, na mimi nilianza kwenda kukaa naye jioni, tuombe pamoja.

Wazee wa ukoo walipokutana, Barnaba alitaka Khalayi aondoke mara moja. Mzee Cleophas, mkubwa wao, alikataa haraka hiyo. Alisema wangoje siku ya makumbusho ya marehemu, programu nyingine ichapishwe, waone.

"Sawa," Barnaba akasema. "Duka lilelile, picha ileile. Mzee akilia tena, Khalayi arudi kwao."

Wazee wakakubali. Khalayi alikuwa ameketi mlangoni, anasikia yote.

Duka hilo ni la Wanjala na mkewe Beldina, ambaye tunamwita Mama Tracy. Liko kando ya barabara ya Webuye. Wanatoa kopi, wanapiga picha za pasipoti, wanachapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Baada ya maneno ya Barnaba, watu wa mazishi waliacha kuja. Walikuwa wanaenda hadi Kakamega mjini, kwa sababu hakuna aliyetaka mtu wake alie.

Beldina alijaribu kueleza kwamba ni wino tu. Barnaba akamwambia anatetea biashara yake. Na ukweli ni kwamba Beldina mwenyewe hakuwa na hakika. Jioni moja alikuja kwangu akakaa bila kugusa chai.

"Kama ni wino, mama, mbona maandishi hayakulia?" aliniuliza. "Yametoka kwa mashine moja."

Nilimwambia Mungu hawezi kumhukumu mjane kwa karatasi, lakini tutafute mtu anayejua mashine.

Mtu huyo alikuwa Cherotich. Ni msichana aliyesomea ufundi katika chuo cha Sigalagala, na sasa anatengeneza kompyuta na printa katika chumba cha pili kutoka duka la Beldina. Alitusikiliza huku anafunga skrubu. Kisha akaenda hadi kwenye printa ya Beldina, akachapisha ua jekundu lenye jina lake mwenyewe chini. Akachovya kidole kwenye maji, akapaka ua pamoja na jina.

Ua likayeyuka. Jina likabaki.

Beldina alikaa kwenye kiti.

"Hii printa inatumia wino wa maji," Cherotich alisema. "Lakini wino mweusi wa hii si kama ule wa rangi. Mweusi unashika juu ya karatasi, maji hayauondoi haraka. Ule wa rangi maji yakiugusa unatembea. Ndiyo maana jina halikulia. Na pale rangi ilipojaa zaidi, kama machoni, ndipo inapoanza kushuka, wekundu mbele."

Alitueleza kwamba printa ya wino si mbaya. Kwa picha ya pasipoti inayokaa ndani ya bahasha, inafaa sana. Lakini programu ya mazishi ya huku kwetu inanyeshewa, inashikwa kwa mikono yenye jasho, inawekwa juu ya kichwa. Kazi hiyo inataka printa ya leza ya rangi. Leza haina wino wa maji. Ina unga mkavu unaoitwa tona, wa rangi nne: nyeusi, samawati, waridi na njano. Mashine inaumwaga unga huo kwenye karatasi kwa mpangilio wa picha, kisha inaupitisha kwenye joto kali mpaka unayeyuka na kushika. Ukishapoa, mvua haiutoi.

"Basi tununue leza," Beldina akasema.

"Ngoja kwanza," Cherotich akajibu. "Leza si moja. Ukikosea utajuta."

Jumatatu tulienda Kakamega mjini, Beldina, mumewe Wanjala, na mimi. Makumbusho yalikuwa Jumamosi. Wanjala alikuwa ameshaona printa kwa muuzaji mmoja anayeitwa Clifford, na moyo wake ulikuwa umeshaichukua. Ilikuwa ndogo, nyeupe, inang'aa. Bei yake ilitosha kabisa kwenye mkopo wao wa SACCO, chama chao cha akiba, na chenji ingebaki.

Clifford aliiwasha na kutuchapishia picha ya kasuku. Ilikuwa nzuri kweli.

"Mama, hii ni leza ya rangi," akasema. "Na ofa inaisha leo."

Wanjala alikuwa tayari anatoa simu alipe. Beldina akamshika mkono. Akauliza yale ambayo Cherotich alimfundisha. Alianza na tona. Tona moja inatoa karatasi ngapi, na seti ya rangi zote nne ni bei gani?

Clifford alicheka kidogo. Alisema tona imo ndani ya boksi tayari.

"Hiyo ya ndani ya boksi inakuwa imejaa?"

Clifford aligeuza boksi upande. Beldina akauliza tena. Ndipo akakubali kwamba tona ya kuanzia huwa haijajaa, ni ya kuonjesha tu. Seti nzima ya rangi nne, alipotaja bei yake, ilikaribia bei ya printa yenyewe. Na ilikuwa inaagizwa Nairobi.

Wanjala akamvuta mkewe pembeni. "Mama Tracy, unaniaibisha. Mtu amekupa bei nzuri, wewe unamhoji kama polisi."

"Baba Tracy, printa tutainunua mara moja," Beldina akamwambia. "Tona tutainunua mpaka tuzeeke."

Alirudi kwa Clifford na kuendelea. Je, inachapisha pande mbili yenyewe, au mtu anageuza karatasi kwa mkono? Ilikuwa ya kugeuza kwa mkono. Inapitisha karatasi nzito ya jalada? Clifford alisoma kitabu chake, akasema ni karatasi nyepesi tu. Ikiharibika, nani hapa Kakamega ana vipuri vyake? Clifford akakuna shingo.

Kulikuwa na nyingine kwenye kona ya duka. Ilikuwa ya kijivu, pana, nzito.

"Hiyo ni kama friji," Wanjala akasema.

Bei yake ilikuwa juu zaidi, ingemaliza mkopo wote. Lakini tona zake zilikuwa pale pale kwenye rafu, na kila moja ilitoa karatasi nyingi zaidi. Ilichapisha pande mbili yenyewe. Ilipitisha karatasi ya jalada. Ilikuwa na waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Clifford alikaa na kalamu, akagawanya bei ya tona kwa idadi ya karatasi, ya ile ndogo na ya hii. Alipomaliza, alimsogezea Wanjala karatasi hiyo. Kila ukurasa wa ile ndogo ulikuwa na gharama karibu mara mbili.

Wanjala alisoma, akasoma tena.

Beldina hakuwa amemaliza. Alitoa fleshi diski yenye picha kwenye mkoba. "Usinichapishie kasuku," alisema. "Nichapishie huyu."

Alikuwa Mzee Protus. Picha ikatoka ikiwa bado na joto. Haikung'aa kama picha ya studio, Clifford alisema hivyo waziwazi, leza haitoi mng'ao huo. Beldina akainyunyizia maji ya chupa yake ya kunywa. Akaifuta kwa leso. Mzee alitutazama vile vile.

Mimi niligeukia dirisha nikamshukuru Mungu kimya kimya.

Wakanunua ile ya kijivu, lakini dukani kwao haikuwa rahisi. Wanjala alichomeka printa kwenye ile betri ndogo wanayotumia umeme ukipotea, betri ikalia na kuzima kila kitu. Cherotich akaja mbio. Alieleza kwamba leza inavuta umeme mwingi inapopasha joto, ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye betri ndogo wala waya mwembamba wa kuunganishia. Alhamisi Beldina alichukua karatasi za kung'aa zilizobaki za printa ya zamani, akataka kuzitumia kwa jalada ili zisiharibike bure. Cherotich alimshika mkono karatasi ikiwa imeshaanza kuingia.

"Toa hiyo. Ni ya wino, ina plastiki juu. Itayeyuka ndani, na mashine itakuwa imekwisha kabla haijafanya kazi."

Walitafuta karatasi iliyoandikwa kwamba ni ya leza, na Ijumaa programu zote zilikuwa tayari.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Aliniuliza, je, kubadilisha mashine si kuwadanganya wazee? Nilimwambia asifiche. Aseme mbele ya wote. Akarudi dukani akawasha printa ya zamani.

Jumamosi mvua ilikuja kabla ya sala ya mwisho. Watu wakafunika vichwa kwa programu. Niliona mikono ya Khalayi imeshikana mapajani. Mvua ilipopungua, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama. Roda ndiye aliyeshusha yake. Akaipangusa kwa kiganja.

"Mzee ametulia," alisema.

Baada ya watu kula obusuma, ugali wetu, na kuku, wazee waliingia sebuleni kwa Khalayi. Nilikuwepo pamoja na wamama wa kanisa. Barnaba alikaa karibu na mlango, amejifunga koti. Kabla Mzee Cleophas hajasema neno, Beldina akasimama.

"Wazee, sitaki kuwaficha. Programu hizi nimezichapisha kwa mashine mpya. Haitumii wino wa maji."

Barnaba akasimama polepole.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Nilisema duka lilelile, picha ileile. Wamebadilisha mashine. Ya zamani ndiyo ilisema ukweli, wakaiogopa. Mulamwa, funga mizigo."

Mulamwa ni shemeji, na alimaanisha Khalayi. Khalayi hakuinuka. Alimtazama Beldina tu.

"Basi tuiulize ya zamani," Beldina akasema.

Alitoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi tatu zilizotoka kwenye printa ya zamani jana yake. Ya kwanza ilikuwa sura yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa sura ya Mzee Cleophas. Ya tatu ilikuwa ya Barnaba, amevaa suti, kutoka kwenye picha ya familia. Akampa Mzee Cleophas zote tatu na kumwomba azishike nje ya mlango, pale maji yanapodondoka kutoka kwenye mabati.

Mzee Cleophas alinyoosha mkono nje. Alipourudisha, Beldina wa kwenye karatasi alikuwa analia. Mzee Cleophas wa kwenye karatasi alikuwa analia, machozi mekundu hadi kwenye ndevu.

Mzee aliitazama sura yake. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mimi sijafa," alisema. "Nimekula kuku hapa hapa kwa Khalayi. Na hakuna mtu amenikosea leo."

Roda akacheka wa kwanza, kisha wamama wote. Khalayi alifunika uso kwa leso, mabega yakashuka kama mtu aliyetua mtungi. Mzee Cleophas akamgeukia.

"Mama, hii ni nyumba yako. Kikao kimekwisha. Na ile programu ya kwanza tusiitaje tena."

Kisha akainua karatasi ya tatu, kila mtu aione. Jina lililoandikwa chini lilikuwa zima. Sura ya juu ilikuwa imelowa, michirizi miwili ikishuka kutoka machoni mpaka kwenye tai.

"Barnaba, ndugu yangu," akauliza kwa upole, "na wewe unalilia nini?"

Barnaba aliitazama karatasi. Akamtazama Khalayi. Akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akatoka nje, akaenda zake mvuani.